SOMO: JINSI MFUPA UNAVYOSHIKA VISI NDOGO YA KUNYOSHA MENO

Siku hizi twaona vijana, hata watu wazima, wenye waya za chuma juu ya meno. Waya hizo huwekwa na daktari wa meno ili kunyosha meno yaliyopandana au yaliyotokeza mbele. Wengine wamewekwa pia visi ndogo ya chuma ndani ya mfupa wa taya. Ndugu zao wakisikia habari hiyo huogopa na kuuliza: "Chuma kitakaaje ndani ya mfupa wa mtu aliye hai? Mfupa hautaoza? Tena, kitatoka namna gani?"

Maulizo hayo ni mema. Katika somo hili tutayajibu moja moja. Na mtu asiyehitaji kunyosha meno asiache kusoma, kwa sababu sheria inayoshika visi ndani ya taya ndiyo sheria inayounga mguu uliovunjika.

1. MFUPA NI KITU CHENYE UHAI

Watu wengi wamezoea kuona mfupa sahanini, umekwisha kupikwa, au kando ya njia, umekauka juani. Kwa hiyo wanadhani mfupa ni kama jiwe. Sivyo. Mfupa ulio ndani ya mtu hai una damu, una mishipa, tena una wafanyakazi wadogo sana wasioonekana kwa macho, ambao tunawaita chembe.

Chembe hizo ni za namna nyingi, lakini leo tutakumbuka namna mbili. Za kwanza ni chembe za kula: zinakula mfupa uliochakaa au uliopondeka. Za pili ni chembe za kujenga: zinaweka mfupa mpya mahali pa ule ulioliwa. Kazi hii inaendelea katika mwili mchana na usiku, tangu utoto hata uzee. Ni kama kijiji ambamo kila siku kuna nyumba ya zamani inabomolewa na nyingine inajengwa, lakini kijiji chenyewe kinabaki mahali pake.

2. JINO HUSOGEA NAMNA GANI

Jino halikugandishwa ndani ya taya. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna nyuzi laini, nyembamba sana. Unene wake ni karibu sehemu moja ya nne ya milimita, au pungufu. Nyuzi hizo zinalishika jino kama kamba nyingi fupi.

Daktari akilivuta jino kwa waya, polepole, upande mmoja wa mzizi hubana mfupa. Upande huo chembe za kula huja na kufungua njia. Upande wa pili nyuzi huvutwa, na huko chembe za kujenga huja na kujaza nafasi iliyobaki nyuma. Hivyo jino linatembea ndani ya mfupa, karibu milimita 1 kwa mwezi. Mtu akitaka kuliharakisha kwa nguvu nyingi ataharibu mzizi. Ndiyo maana kazi ya kunyosha meno yaweza kuchukua mwaka au miaka miwili.

3. KWA NINI VISI INATAKIWA

Fikirini juu ya gari lililonasa matopeni. Watu hufunga kamba kwenye gari, kisha hutafuta mahali pa kufunga ncha ya pili. Wakiifunga kwenye mgomba, mgomba utang'oka na gari litabaki matopeni. Wakiifunga kwenye mti mkubwa wenye mizizi ya chini, gari litatoka. Kamba ni ile ile, nguvu ni ile ile. Tofauti ni mahali ilipofungwa.

Ndivyo ilivyo kinywani. Daktari akitaka kurudisha nyuma meno ya mbele, huyafunga kwenye meno makubwa ya nyuma. Lakini meno ya nyuma nayo yamo ndani ya nyuzi zile zile, basi nayo yanavutwa. Ya mbele yanarudi kidogo, ya nyuma yanakuja mbele kidogo, na nafasi iliyotakiwa inapotea. Zamani waganga walisaidia kwa mikanda iliyozunguka kichwa au shingo. Mtoto alipaswa kuivaa saa nyingi kila siku, na wengi waliivua mara wazazi walipogeuka.

Visi ndogo ni ule mti mkubwa. Haina nyuzi za jino kuizunguka. Inashikwa na mfupa wenyewe. Kwa hiyo jino linavutwa kuelekea visi, lakini visi haiendi kulifuata jino.

4. NAMNA WATU WALIVYOJIFUNZA JAMBO HILI

Watu hawakulijua mara moja. Mwaka 1945, huko Marekani, waganga wawili, Gainsforth na Higley, walitia visi za chuma kiitwacho vitalio ndani ya mataya ya mbwa, wakavuta meno kutoka kwenye visi hizo. Meno yalianza kusogea, lakini baada ya muda wa kama mwezi mmoja visi zote zilikuwa zimelegea na kutoka. Wengi waliona kwamba njia hiyo haifai.

Mwaka 1952, katika mji wa Lund, nchi ya Uswidi, daktari mmoja jina lake Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jambo jingine kabisa. Alitaka kuona damu inavyopita ndani ya mfupa ulio hai. Aliweka vyombo vidogo vya kutazamia ndani ya mifupa ya miguu ya sungura, na vyombo hivyo vilitengenezwa kwa chuma cheupe kiitwacho titani. Kazi ilipokwisha alitaka kuvitoa ili avitumie tena, lakini havikutoka. Mfupa ulikuwa umekua na kushikamana na titani. Yeye hakuliacha jambo hilo lipite. Alilichunguza miaka mingi, na mwaka 1965, katika mji wa Göteborg, alimwekea mtu wa kwanza mizizi ya titani ndani ya taya ili ishike meno ya kutengenezwa.

Waganga wengi walikuwa na mashaka. Mwaka 1982 mkutano ulifanyika Toronto, nchi ya Kanada, na hapo matokeo ya kazi hiyo yaliletwa mbele ya walimu wa udaktari wa meno wa Amerika ya Kaskazini. Tangu hapo njia hiyo ilienea.

Mwaka 1983 waganga wawili wa Marekani, Creekmore na Eklund, walitia visi moja ya vitalio chini ya pua ya mgonjwa aliyekuwa na meno ya juu yaliyoshuka mno. Walingoja siku 10, ndipo wakaanza kuvuta kwa nguvu kidogo. Meno yalipanda karibu milimita 6, na visi haikusogea. Mwaka 1997 daktari Kanomi wa Japani alitoa habari za visi ndogo zaidi, yenye upana wa milimita 1.2 tu. Baada yake kazi hii ilienea katika nchi nyingi.

Tuangalie vema: vitalio iliyoshindwa mwaka 1945 ndiyo iliyofaulu mwaka 1983. Basi chuma peke yake si siri yote. Namna ya kuitia visi, namna ya kuivuta, na namna ya kuitunza ni mambo makubwa pia.

5. MFUPA UNAVYOIPOKEA VISI

Visi za siku hizi zina upana wa kama milimita 1.2 hadi 2, na urefu wa milimita 6 hadi 12. Nyingi zimetengenezwa kwa titani iliyochanganywa na vyuma vingine viwili: katika sehemu 100, sehemu 6 ni aluminiamu na 4 ni vanadi. Mchanganyiko huo unaipa visi nyembamba nguvu isivunjike.

Kwa nini titani? Chuma cha kawaida kikipata maji kinashika kutu, na kutu inakila mpaka kinaisha. Titani nayo ikikutana na hewa hujifunika mara moja kwa ngozi nyembamba sana, lakini ngozi hiyo haiili titani, inailinda. Tena mwili hauchukizwi na ngozi hiyo. Chembe za mfupa zinakaribia na kujenga juu yake.

Saa ya kwanza. Daktari anatia ganzi kidogo, anakaza visi polepole. Mikunjo ya visi inauma mfupa kama visi inavyouma ubao mgumu. Wakati huu hakuna bado kuungana. Kuna kushika kwa nguvu tu. Ganda gumu la nje la mfupa ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Likiwa na unene wa milimita 1 au zaidi, visi inapata msimamo mwema. Damu inajaza nafasi ndogo zilizobaki, kisha inaganda.

Siku za kwanza. Mfupa uliobanwa na visi umepondeka kidogo. Chembe za kula zinakuja kuusafisha. Kwa hiyo mshiko wa kwanza unaanza kupungua.

Juma la kwanza na la pili. Chembe za kujenga zinafika na kuweka mfupa mpya karibu na visi. Mfupa huu unajengwa upesi, lakini bado ni laini. Ni kama udongo mbichi uliopakwa juu ya fito za nyumba: umekwisha kuwekwa, lakini usiuegemee.

Juma la pili hata la nne. Hapa pana hatari. Mshiko wa kwanza umepungua, na mfupa mpya haujakomaa. Visi nyingi zinazolegea hulegea katika miezi ya kwanza.

Miezi inayofuata. Mfupa laini unabadilishwa kwa mfupa mgumu wenye tabaka nzuri. Sasa visi imeshikwa na mfupa uliojengwa kwa ajili yake.

Labda mama mmoja atauliza: "Kama pana hatari, mbona daktari wa mwanangu alianza kuvuta siku ile ile?" Jibu ni hili: kuvuta kidogo kusikobadilika si sawa na kutikisa. Nguvu inayotumika mara nyingi ni ya gramu 50 hadi 200, yaani pungufu ya uzito wa gilasi ya maji. Mfupa unavumilia nguvu hiyo. Kinachouharibu ni mtikiso wa huku na huku. Visi ikitikisika zaidi ya sehemu moja au moja na nusu ya kumi ya milimita, yaani kama unene wa unywele, chembe haziwezi kujenga mfupa. Zinaweka nyuzi laini mahali pake. Visi iliyozungukwa na nyuzi laini imelegea, na kwa kawaida haishiki tena.

6. VISI YA KUKAA NA VISI YA KUONDOLEWA

Hapa watu wengi wanachanganya mambo mawili. Yako mataya yaliyowekwa mzizi wa titani ili kushika jino jipya. Mzizi huo ni mnene, mara nyingi kati ya milimita 3.5 na 5, na uso wake umekwaruzwa makusudi ili mfupa uushike sana. Daktari mara nyingi hungoja miezi kadhaa kabla ya kuweka jino juu yake. Huo umewekwa ukae miaka mingi.

Visi ya kunyosha meno ni nyembamba, na uso wake mara nyingi ni laini. Mfupa unaigusa mahali pengine, na mahali pengine haugusi. Hiyo si kasoro. Inatosha kushika nguvu ndogo kwa miezi ya kazi, na tena inaruhusu visi itoke kazi ikiisha. Siku hiyo daktari anaizungusha kinyumenyume, mara nyingi kwa ganzi kidogo tu au bila ganzi. Tundu linajazwa tena na mfupa, na ufizi unafunga.

Visi yaweza pia kuegama kidogo sana inapovutwa, bila kulegea. Kwa sababu hiyo daktari huacha nafasi kati yake na mizizi ya meno.

7. MAMBO YANAYOUFANYA MFUPA UIACHE VISI

Hatupendi kuwadanganya wagonjwa. Si kila visi inashika. Waganga waliokusanya hesabu za visi maelfu waliona kwamba karibu 13 au 14 katika kila 100 zililegea kabla ya kazi kwisha. Sababu ni nyingi:

(a) Joto. Chombo kikizungushwa kwa haraka kinachoma mfupa. Mfupa ukipata joto la digri 47 kwa muda wa dakika moja tu, unaharibika. Kwa hiyo daktari hufanya polepole, na akitoboa hutumia maji baridi.

(b) Mfupa mwembamba au laini. Ganda la nje likiwa jembamba mno, mshiko wa kwanza ni dhaifu. Mifupa ya watoto ni laini kuliko ya watu wazima.

(c) Kugusa mzizi wa jino. Jino likitumiwa kutafuna linatikisika kidogo, na mtikiso huo unafika kwenye visi.

(d) Uchafu. Mabaki ya chakula yakikaa kuzunguka visi, ufizi unavimba na kutoa damu. Uvimbe ukishuka chini, chembe za kula zinaanza kula mfupa ulioshika visi.

(e) Tumbaku. Moshi unapunguza damu inayofika katika ufizi na mfupa, na kidonda kinachelewa kupona.

(f) Ulimi na vidole. Wengine hawawezi kuiacha visi itulie. Wanaisukuma kwa ulimi mchana kutwa.

Tazameni: matatu ya kwanza ni kazi ya daktari. Matatu ya mwisho ni kazi ya mgonjwa mwenyewe, na ya wazazi wake kama ni mtoto.

8. KAZI YA MGONJWA

Kabla ya visi kuwekwa, mwambie daktari magonjwa yako yote na dawa unazotumia. Usimfiche ugonjwa wa sukari, wala dawa za kutia nguvu mifupa, wala tumbaku. Hayo yanabadilisha kazi ya mfupa.

Baada ya visi kuwekwa:

Safisha meno asubuhi na jioni, na kila baada ya kula, kwa mswaki laini. Pitisha mswaki polepole kuzunguka visi. Usiiogope, wala usiisugue kwa nguvu.

Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, au kwa dawa uliyopewa na daktari.

Usitafune muwa, mifupa, wala mahindi makavu ya kukaanga upande wenye visi.

Usiiguse kwa kidole, kijiti, wala ulimi.

Acha tumbaku. Ukishindwa kuiacha kabisa, usimfiche daktari.

Rudi siku uliyoambiwa, hata kama huoni taabu yo yote. Waya unaovuta kupita kiasi hauumi sikuzote.

Kuuma kidogo siku moja au mbili ni jambo la kawaida. Lakini maumivu yakizidi baada ya siku chache, ufizi ukivimba, usaha ukitoka, au visi ikitikisika, rudi upesi. Usiikaze mwenyewe, wala usimpe fundi wa vyuma aikaze. Ikitoka yenyewe, iweke katika karatasi safi, uende nayo. Kama imemezwa, mpeleke mtu huyo hospitali. Na kama anakohoa au anapumua kwa shida, mpelekeni saa ile ile. Visi kulegea si mwisho wa matibabu. Mara nyingi daktari huiondoa, na baada ya mahali pale kupona, au mahali pengine karibu, huweka nyingine.

9. SHERIA HII NA MGUU ULIOVUNJIKA

Sasa twaweza kuelewa jambo tunaloliona mara nyingi katika vyumba vya wagonjwa. Mtu amevunjika mguu. Amefungwa plasta, naye ameambiwa asikanyage chini. Baada ya majuma matatu maumivu yamepungua. Ngozi inamwasha. Ndugu wanamwambia: "Umekwisha kupona, toa mzigo huo." Anaikata plasta kwa kisu, anaanza kutembea.

Ni nini kinachotokea ndani? Ni kile kile tulichokiona kwenye visi. Mfupa mpya ulikuwa udongo mbichi juu ya fito. Sasa unatikiswa kila hatua. Chembe zinaacha kujenga mfupa, zinaweka nyuzi laini. Miezi inapita, na mguu unapinda mahali pasipo kiungo. Waganga wanaita jambo hilo kiungo cha uongo. Kwa wengi, dawa yake ni kupasua tena na kutia bamba la chuma na visi, kwa gharama na maumivu ambayo yangaliepukika.

Maumivu kuisha si ushuhuda kwamba mfupa umekomaa. Mfupa una saa yake, nao hauharakishwi kwa hasira, wala kwa kukandwa, wala kwa haya ya kuonekana mgonjwa. Utulivu na usafi ndiyo mambo mawili unayoyataka kwetu. Ukiyapata, hujenga wenyewe, hata juu ya chuma.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Chembe za kula na chembe za kujenga zinafanya kazi gani katika mfupa?
2. Kwa nini meno ya nyuma hayatoshi sikuzote kuvuta meno ya mbele?
3. Daktari Brånemark aliona jambo gani katika mifupa ya sungura?
4. Kuvuta kidogo na kutikisa vinatofautiana namna gani mbele ya mfupa?
5. Kwa nini visi ya kunyosha meno haitakiwi kushikwa sana kama mzizi wa jino jipya?
6. Taja mambo matatu ambayo mgonjwa mwenyewe aweza kuyafanya ili visi yake isilegee.
7. Jirani yako anataka kukata plasta yake kabla ya siku aliyopewa. Utamweleza nini, na kwa mfano gani?

NENO LA KUSHIKA: Mfupa unashika kilichotulia na kilicho safi, kinachotikiswa na kilicho kichafu unakiacha.